Kukataa kwa Kwanza

"Mambo vipi, dada," kijana wa mizani alimwambia Tusekile pale sokoni, na Tusekile akajibu, "Poa," kama vile hakuwa amesoma darasa moja na bibi yake kijana huyo.

Kijana hakuwa na kosa. Siku hizi watu hawasalimiani kabla ya kuangaliana viganja. Kwenye kiganja cha kushoto cha kila mtu inawaka tarakimu ya kijani, na tarakimu hiyo haina habari na siku uliyozaliwa. Kuhesabu tangu siku ya kuzaliwa ni mambo ya watu wa zamani, walioamini kwamba kalenda inaujua mwili kuliko mwili wenyewe. Sheria ilikwisha sema kwamba umri ni wa mwili. Mwili ukisema arobaini na sita, basi wewe ni wa arobaini na sita, kwenye pensheni, kwenye foleni ya hospitali na kwenye salamu. Kiganja cha Tusekile kilisema arobaini na sita. Alizaliwa miaka sabini na minne iliyopita, siku ya mvua ya mawe iliyolaza migomba ya bonde zima.

Mara ya kwanza kuambiwa "mambo" na mtoto wa juzi, damu ilimchemka akataka kumzaba kibao. Mara ya pili alicheka. Mara ya tatu alirudi nyumbani kwa njia ndefu, makusudi, ili apite tena walipokaa vijana. Ndivyo tulivyo, asikudanganye mtu.

Siku hiyo ndizi hazikutoka zote, kwa hiyo alijitwika mkungu uliobaki akaanza kupanda mlima. Mlima ule ulikuwa umemtesa miaka kumi. Alikuwa akiupanda kwa fimbo, anapumzika penye jiwe, anapumzika penye kisima, anapumzika tena kwa jirani ambako alilazimika kusikiliza umbea asioutaka, ilimradi magoti yapoe. Sasa alipita penye jiwe hata hakuliona. Alisikia mapaja yake yakifanya kazi, akasikia raha, na raha hiyo ikamtia aibu kidogo alipoliona paa la nyumba yake.

Chini ya paa hilo, juani, alikuwa ameketi Lugano, binti yake wa pekee. Alikalia kigoda kilichokuwa cha mama yake, amevaa sweta lililokuwa la mama yake, amenyoosha miguu vilevile mama yake alivyokuwa akiinyoosha. Lugano alizaliwa miaka arobaini na mitano iliyopita. Kiganja chake kilisema sabini na tatu.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, usisimame."

Lugano alikuwa amekwisha kusimama. "Lete nikupokee."

Ni mazoea tu. Mzazi akitokea na mzigo, mtoto ananyanyuka na kunyoosha mikono. Tusekile naye, kwa mazoea, akauinamisha mkungu. Mikono ya Lugano ilishuka nao mpaka magotini, na kama mama asingeudaka, binti angelala chini na ndizi juu yake. Walicheka wote wawili. Kisha Lugano akakohoa, na kicheko kikaisha.

Katika kijiji kizima, Lugano ndiye pekee aliyebaki kumpa Tusekile shikamoo. Majirani walikwisha kumshauri aache, wakisema anamzeesha mama yake bure na tena anajidhalilisha, mtu mzima wa miaka sabini na tatu kumwamkia mwanamke wa arobaini na kitu. Lugano aliwasikiliza, akawashukuru, na kesho yake asubuhi akasema, "Shikamoo, mama," kama kawaida.

*

Wataalamu walieleza kwamba mwili ni kama sufuria ya kupikia kwa kuni. Kila siku unayoishi inaacha masizi kwenye chembe zako, na masizi hayo ndiyo uzee. Mashine inaweza kuyakwangua. Tatizo ni kwamba hayakubali kutupwa. Waliyatia kwenye panya, wakayatia kwenye nguruwe, wakayafungia kwenye chupa, na kila mara kulipokucha yalikuwa yamerudi kwa mwenyewe. Mahali pamoja tu yalikubali kukaa, napo ni kwenye mwili wa damu ileile, mzazi na mtoto.

Mashine ilibuniwa kwa ajili ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa kuzeeka haraka, wale wanaong'oka meno wakiwa hawajaanza shule. Mama alilala kitanda hiki, mtoto kitanda kile, na mama akayabeba masizi ya mwanawe. Nchi nzima ililia machozi ya furaha. Hiyo ilikuwa miaka mitatu ya kwanza. Mwaka wa nne mtu fulani akaugeuza mpira uliounganisha vile vitanda viwili, na masizi yakaanza kwenda upande wa pili.

Hakuna aliyelazimishwa. Haikuhitajika. Watu waliofungua vile vituo walikuwa wajanja, wakaviita Vituo vya Upokezi, na jina hilo likamaliza kazi. Nani asiyejua kumpokea mama mzigo? Ujana ni moshi, ukienda haurudi, walisema wahenga. Sasa ulikuwa unarudi, na mtoto aliyeukalia ujana wake huku mama anachechemea alionekana mchoyo. Harusini watu waliulizana, "Wewe umeshampokea mzee?" Kanisani waliopokea walisimamishwa mbele, wamejikunja, wakapigiwa makofi.

Ilikuwa siku ya Krismasi ya mwaka jana. Nyumba ya Tusekile ilijaa wageni, na mmoja wao alikuwa Mama Sekela, jirani mwenye ulimi, aliyekuja akiwa amepokelewa na mwanawe wiki hiyohiyo. Alikaa kifua mbele, kiganja amekiweka mezani ili kisomeke. Mjomba Ambakisye, kaka yake Tusekile, akamgeukia Lugano.

"Na sisi huku, mpwa wangu? Au dada yangu hakuzaa?"

Watu wakacheka. Lugano naye akacheka, akainua uso, akasema, "Mama yangu nitampokea. Mama, nikupokee."

Sasa ni lazima tuseme namna wanavyolelewa watu wa huku. Ukikaribishwa chakula, unakataa kwanza. Unasema umeshiba, hata kama utumbo unanguruma. Mwenyeji anakusihi. Unakataa tena, sasa kwa sauti ya chini. Anakusihi tena, ndipo unanawa mikono. Anayekubali papo hapo ni mlafi. Na mwenyeji anayekuacha baada ya kukataa kwa kwanza, huyo alikuwa hataki ule. Mtoto mdogo anayajua haya kabla hajajua kufunga vifungo.

Kwa hiyo Tusekile alisema, "Hapana, mwanangu. Mzigo wangu unanitosha."

Lugano, aliyelelewa vizuri, akasema, "Mama, niache nikupokee."

"Hapana, mwanangu," alisema Tusekile kwa sauti ya chini.

Hapo Lugano alifumba mdomo. Alikuwa anaomba kimoyomoyo kwamba mama atakataa mara ya tatu kwa sauti ya juu, watu wasikie, mambo yaishe. Lakini Mama Sekela alikuwa amekwisha kupiga vigelegele, na vikishapigwa vigelegele huku kwetu, nani atavirudisha mdomoni?

Wiki mbili baadaye walikaa kwenye benchi la Kituo, mama na binti, wakila mahindi ya kuchemsha. Lugano alimngojea mama aseme kichwa kinamuuma, warudi nyumbani. Mama alimngojea Lugano aseme hajamuaga mtoto wake, warudi nyumbani. Waliongea habari za chumvi, kwamba mahindi yamezidi chumvi. Mhudumu alipofungua mlango na kuuliza, "Mama, unatoa kwa hiari yako?" goti la kushoto la Tusekile lilikuwa linauma, lilikuwa limeuma tangu alfajiri, na akajibu, "Ndiyo," upesi kuliko alivyokusudia. Upesi huo aliukumbuka siku zote baadaye.

*

Mwezi wa Desemba ulipofika katikati, Lugano alianguka jikoni mara mbili. Walikwenda kwa Daktari Mwaisaka, kijana mpole aliyekuwa na desturi ya kuangalia dirishani anapotoa habari mbaya.

"Mwili uliozeeka wenyewe unajifunza polepole," alisema. "Huu umeletewa uzee wote asubuhi moja. Moyo umeshindwa. Mvua za mwakani hatazimaliza."

"Dawa?" aliuliza Tusekile.

"Dawa ni miaka kurudi ilikotoka. Sheria inaruhusu kabla ya mwaka kutimia, yaani mmebakiwa na wiki tatu. Ila masizi yatarudi yameongezeka, mama. Wewe utaamka na themanini na kitu. Utapata miezi, ukijaliwa mwaka. Yeye atarudi kuwa alivyokuwa."

"Basi ayarudishe," alisema Tusekile, na hapohapo akajisikia mwepesi, kwa kuwa uamuzi aliuacha kwa binti yake.

Daktari alitikisa kichwa. "Yeye hawezi kuomba. Sheria inawalinda wazazi, watoto wasije wakatua mizigo barabarani. Anayeweza kuomba ni mwenye mzigo, yaani wewe uliyeutoa."

Lugano aliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Hakumwangalia mama yake, maana kumwangalia kungekuwa kuomba, na mtoto haombi mzazi wake afe.

Kurudi nyumbani walikuta kijito kimejaa. Tusekile aligeuka, akachuchumaa. "Panda."

"Mama, mimi mzee."

"Panda, nimesema."

Akambeba mgongoni, kama alivyombeba miaka arobaini na mitano nyuma, akavuka maji yakimfika magotini. Magoti hayakutetereka. Binti alikuwa mwepesi, mifupa na sweta tu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Tusekile aliujua ukweli wa maneno hayo mgongoni mwake. Alikusudia kusema kwamba atauchukua mzigo wake watakapofika ng'ambo. Walipofika ng'ambo akasema mvua inakuja, waharakishe.

Usimhukumu haraka. Alimpenda binti yake, na hilo halina shaka. Lakini wewe hujui ilivyo kuamka miaka kumi ukiyaogopa magoti yako, kisha ukaamka asubuhi moja na kuyasahau. Alikuwa ameanza kuimba tena kwaya. Alikuwa amepanda parachichi, mti ambao hauzai mpaka baada ya miaka, na aliupanda kwa nia ya kula matunda yake. Kila siku alijiambia atasema jioni. Jioni alijiambia Lugano amechoka, si vizuri kumsumbua.

*

Jumapili iliyofuata Bupe alirudi kutoka chuoni. Bupe ni binti wa Lugano, ana miaka kumi na tisa, anasomea ualimu, na tarakimu ya kiganjani mwake ni kumi na tisa ileile, maana bado hajabeba cha mtu. Alipomwona mama yake, alisimama mlangoni na begi mkononi kwa muda.

Walipika mbalaga, zile ndizi za huku, kwa nyama. Mjomba Ambakisye alikuja, na Mama Sekela, ambaye hajawahi kukosa harufu ya nyama, naye alikuja. Walikula vizuri. Mama Sekela alisifu jinsi Tusekile anavyopendeza, akamshika mkono, wakalinganisha viganja. Hapo Bupe aliweka sahani chini.

"Mama," alisema kwa sauti ya heshima, huku anamwangalia Lugano, "na mimi nikupokee."

Mama Sekela alishatanua mdomo apige vigelegele. Mjomba alishasema, "Huyo ndiye mtoto!"

Lugano alimgeukia mama yake. Alimwangalia waziwazi, mara ya kwanza tangu siku ile ya daktari, na kila aliyekuwa mezani angeweza kuona kwamba anangoja neno. Lilikuwa neno dogo tu. Tusekile alilijua, alikuwa akiliahirisha wiki nzima. Alifungua mdomo. Akachukua jagi, akammiminia Mjomba maji, na glasi ya Mjomba ilikuwa imejaa.

Lugano akamrudia mwanawe.

"Sitaki," alisema.

Watu walicheka kidogo, wakidhani ndiko kukataa kwa kwanza.

"Mama, niache nikupo—"

"Nimesema sitaki! Una masikio au una majani? Mikono yako michafu, usinishike nayo. Nani kakutuma? Rudi chuoni kwako leo hiihii, na ukikanyaga mlango wa kile Kituo, mimi siyo mama yako na usije kunizika."

Bupe alianza kulia mbele ya wageni. Mjomba Ambakisye alisema, "Lugano, adabu jamani, mtoto anakupenda," na Lugano akamjibu mjomba wake, kaka wa mama yake, mbele ya chakula, "Na wewe funga mdomo wako." Mama Sekela alikumbuka kwamba ameacha nguo nje. Nyumba ilivunjika namna ambayo nyumba za huku hazivunjiki, kwa kelele.

Tusekile alikusanya sahani akaenda nazo uani. Aliziosha moja moja. Alikuwa ameona kwa macho yake namna inavyofanyika. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Kumbe siku ile ya Krismasi ilitakiwa tu kuwa mama mbaya kwa dakika moja.

*

Jioni, Bupe alikuwa amekwisha ondoka, macho yamevimba, bila kuaga. Jua lilikuwa bado halijazama. Lugano alikaa kwenye kigoda chake, ameegemea ukuta, midomo yake imegeuka rangi. Tusekile alikuja akachuchumaa mbele yake. Safari hii alikuwa ameamua, au alijiambia kwamba ameamua. Alikuwa amevaa hata viatu vya kwendea mjini kesho yake.

"Mwanangu," alisema.

"Abee, mama."

"Nimefikiri. Ule mzigo ni wangu. Kesho tushuke Kituoni. Nikupokee."

Macho ya Lugano yalijaa maji. Alikuwa bado mtoto wa nyumba hii, aliyefundishwa na mwanamke huyuhuyu aliyechuchumaa mbele yake, aliyechapwa kwa ufagio siku alipokubali mandazi ya jirani kabla ya kusihiwa. Kelele zote alikuwa amezimaliza mchana kwa ajili ya Bupe. Kwa ajili yake mwenyewe alibakiwa na adabu tu.

"Hapana, mama," alisema taratibu. "Nimeshazoea."

Kisha akangoja.

Ng'ombe wa jirani alilia. Mvua ilianza kusikika kwa mbali, upande wa mlimani. Tusekile aliyasikia maneno ya kujibu, alikuwa ameyasema maelfu ya mara katika maisha yake, kwa wageni, kwa wapita njia, kwa watu asiowapenda kabisa. *Hapana, mwanangu, niache nikupokee.* Hata Mama Sekela alisihiwa katika nyumba hii, kila Jumapili, mara mbili, mara tatu, kwa ajili ya kipande cha nyama.

"Haya, mwanangu," alisema Tusekile. "Kama umezoea."

Akainuka. Magoti hayakulia hata kidogo. Alisema mvua inakuja, akaingia ndani kuanua mahindi yaliyokuwa dirishani, na alikaa huko mpaka kigoda kilipokuwa kitupu.

Asubuhi alimkuta Lugano amekwisha kukaa juani, ndani ya sweta, mikono mapajani. Tusekile alisimama mlangoni. Alivuta pumzi, akangoja salamu yake kama alivyoingoja kila asubuhi, ile salamu moja iliyobaki duniani ya kumkumbusha yeye ni mama wa nani.

Lugano alimwangalia usoni, akashusha macho mpaka kwenye kiganja chake, akasoma tarakimu. Hakukuwa na hasira usoni mwake.

"Umeamkaje, Tusekile?" alisema.

Kisha akanyamaza, kama mkubwa anavyonyamaza akiwa amempa mdogo nafasi ya kukumbuka adabu.

Tusekile alitazama barabarani. Hakukuwa na mtu. Alitazama mparachichi wake mdogo, majani yamelowa mvua. Halafu miguu yake, ile miguu mizima isiyouma, ikakunja magoti yenyewe.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alijibu Lugano.